Sanda ya Bi Saadiya

Pale stesheni ya Voi, ukitoka lango la abiria na kufuata ukuta, ndipo alipokaa Mwanaesha na karai lake la mahamri miaka nenda miaka rudi. Mimi nilikaa ubavuni pake nikiuza ndizi na pojo kutoka kwetu Marungu. Jina langu ni Priscilla, lakini stesheni nzima iliniita Mama Donald, na walioniogopa waliniita Mama Pilipili nikishawapa mgongo. Sikatai. Mdomo ninao. Mwanaesha hakuwa nao, na nadhani ndiyo sababu tuliwezana.

Watu walidhani kazi yake ni mahamri. Kazi yake hasa ilikuwa mizigo ya watu. Siku zile garimoshi la Taveta halikuwa la kila siku, na hata siku yake likija lilikuja lilipotaka lenyewe. Sasa mtu ameshuka na gunia na sanduku, anataka kuingia mjini kutafuta dawa ya ng'ombe au kumwona daktari, mzigo atauacha wapi? Kwa Mwanaesha. Ataupanga nyuma ya benchi lake, ataufunika turubai, halafu aendelee kukaanga. Hakutoa karatasi wala hakuandika chochote. Alikutazama usoni, akautazama mzigo, basi.

Ukirudi mwenyewe, utapewa. Ukimtuma mke wako, hapewi. Kuna mzee mmoja wa Kasigau alimtuma mwanawe wa kumzaa, wamefanana shilingi kwa ya pili, kijana akarudi mikono mitupu. Mzee akaja akifoka kwamba ametembezwa bure na miguu inamuuma. Mwanaesha akamwambia pole, akampa gunia lake na hamri la moto juu yake. Nilimkemea siku ile, nikamwambia anajitafutia maadui kwa mali isiyo yake. Akasema ni kwa sababu hiyohiyo, si yake. Amana haina jamaa, alisema, akageuza mahamri yake.

Na kufungua mzigo wa mtu, hilo ndilo usimtajie kabisa. Siku moja gunia lilianza kutoa harufu, mimi mkono ukaniwasha, nikataka tutazame kama ni samaki au ni maiti. Alinipiga kofi mkononi kama mtoto. Tulikaa na uvundo ule mpaka mwenyewe akaja, na walikuwa samaki wa ziwa la Jipe, wamekwisha kuoza.

Alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya msikiti, akikaa na mama yake, Bi Saadiya, kikongwe wa asili ya pwani aliyeletwa Voi na mume wa reli na hakurudi tena. Bi Saadiya alikuwa mfupi kama kinu, na maneno yake yalikuwa mafupi vilevile. Maisha yake yote alisuka ukili na kushona mikeka, mpaka macho yakamwia mazito. Na katika pesa za ukili huo alijinunulia bafta nyeupe ya sanda yake. Aliinunua kwa kimo chake barabara, hakuzidisha hata mkono mmoja, maana alisema pesa za ukili si za kuchezea. Aliiweka chini kabisa ya kasha, na kila ikikaribia Ramadhani aliitoa, akaianika, akaifukiza udi, akaikunja tena.

Mimi Mkristo wa milimani nilipoiona mara ya kwanza nywele zilinisimama. Mtu mzima anabembeleza sanda yake kama nguo ya harusi. Nikamwuliza haogopi. Akaniuliza kama mimi sina nguo niliyoiweka kando ya kwenda kanisani. Nikasema ninayo. Akaniambia basi nisimsumbue.

Mwaka wa themanini na moja, kaka yake Mwanaesha, Jaffar, aliyekuwa na duka la nguo pale mjini, alitangaza kwamba atampeleka dada yake Makka kuhiji. Mwanamke haendi peke yake safari ile, huenda na ndugu yake. Bi Saadiya ndiye aliyetamani zaidi ya wote, lakini miguu ilikuwa imevimba na pumzi zimekuwa fupi, hata kwenda chooni alishikwa mkono. Hakulia. Alimwita Mwanaesha, akamwambia afungue kasha, akaitoa ile bafta akampa mikononi mbele yangu.

"Mimi siendi tena," alisema. "Itakwenda hii. Itose maji ya zamzam kwa mkono wako, uianike, unirudishie. Nitakungoja."

Hakuna aliyeuliza atangoja nini. Tulijua wote. Alikuwa anangoja nguo yake ya kuondokea, na Mwanaesha alikuwa amebeba amana kubwa kuliko zote alizowahi kubeba.

Walipokuwa huko, mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia kikongwe uji. Ya huko nasimulia kama Mwanaesha alivyonisimulia. Alisema katika hema alilala ubavu kwa ubavu na mwanamke wa Taveta aitwaye Mwanakombo, mwanamke mrefu, ukisimama naye macho yako yanaishia kidevuni kwake. Homa ilipomkamata Mwanaesha huko Mina, Mwanakombo ndiye aliyekesha akimkanda kwa kitambaa cha maji, akimlisha kwa mkono, akimfulia. Mwanaesha alikuwa amechukua doti moja mpya ya leso, nyekundu yenye korosho nyeusi, bado haijakatwa. Alipopona aliikata, kipande kimoja akampa Mwanakombo. Kwa watu wa pwani kugawana doti si jambo la mchezo. Ni kuambiana kuanzia leo wewe ni ndugu yangu.

Huko Jidda, kabla ya kupanda ndege, walinunua masanduku kwa mwuzaji mmoja, ya rangi ya kahawia, na nusu ya mahujaji wenzao walinunua yaleyale. Wakaona watapoteana. Basi kila mmoja akalifunga sanduku lake tumboni kwa kipande chake cha leso, fundo juu, wakachekelea kwamba yao yataonekana toka mbali. Sanda ya Bi Saadiya, imekwisha kutoswa na kukauka, ilikuwa juu kabisa katika sanduku la Mwanaesha, chini ya kifuniko.

Waliposhuka Mombasa ilikuwa zamu ya Mwanakombo kuumwa. Alikuwa anatetemeka na kukohoa, jamaa zake wakampitisha mbele, wakambebea vitu vyake, wakaondoka naye upesi. Mwanaesha na Jaffar wakangoja mizigo. Watu wakachukua, wakapungua, wakaisha. Sanduku la leso halikutoka. Karani wa shirika la ndege akasema ndege ilikuwa nzito, mizigo mingine imeachwa Jidda, itakuja na ndege nyingine, waende nyumbani, watapigiwa simu dukani kwa Jaffar.

Mwanaesha akakaa chini sakafuni. Akamwambia karani kwamba watu wanaomwachia yeye mizigo wanamkuta palepale walipomwacha, kwa hiyo na yeye atakaa palepale. Jaffar ilibidi amwinue kwa makwapa kama mlevi. Aliponieleza hayo nilitamani ningekuwapo, yule karani angesikia ya kusikia.

Walipofika Voi kulikuwa na kaswida na pilau, wageni wamejaa, kila mtu anataka tende na tasbihi. Mwanaesha alipita katikati yao bila kuwaona, akaenda kitandani kwa mama yake. Bi Saadiya akaipapasa ile mikono mitupu.

"Iko wapi?"

"Iko njiani, mama. Imechelewa na ndege."

"Kumbe ndege nayo huchelewa?"

"Huchelewa, mama."

Kikongwe akafumba macho, akasema basi tutangojana.

Tukaanza kungoja. Kila asubuhi Mwanaesha alipita dukani kwa Jaffar kabla ya kuja stesheni, na nilijua jibu kwa jinsi alivyotua karai. Jaffar alipiga simu, akaambiwa kesho. Akapiga tena, akaambiwa anayeshughulika hayupo. Huku nyumbani Bi Saadiya aliacha wali, akabaki na uji, kisha uji nao ukawa wa kulowesha midomo tu. Miguu ilivimba mpaka ngozi ikang'aa. Daktari alikuja akatoka nje na Jaffar, nami nilikuwa uani naosha sufuria, nikasikia akimwambia waite ndugu wa mbali kama wapo.

Siku hiyohiyo Jaffar alikuja jikoni amebeba bafta mpya kutoka dukani kwake na dumu la zamzam alilokuja nalo mkononi ndani ya ndege. Akasema tuitose hapahapa, tuifukize udi, tumpe mama ashike, afe roho yake imetulia. Macho yake hayaoni vizuri. Bafta ni bafta, alisema, na maji ni yaleyale. Nami sitajifanya malaika, nilimuunga mkono. Niliona maneno yake ni ya mtu mwenye akili na huruma.

Mwanaesha alikuwa anapepeta mchele. Hakuuweka chini ule ungo.

"Kaka, hiyo umeinunua jumla. Yake ameinunua kwa ukili. Alinipa mkononi akasema nirudishe. Nikimdanganya leo, kesho nitamtazamaje?"

Jaffar akakasirika, akamwambia kesho hakuna, kwa hali ile ya mama. Akaiacha bafta mezani akaenda zake. Mwanaesha akaikunja vizuri, akamtuma mtu airudishe dukani.

Simu ikaja. Sanduku limefika. Jaffar alibaki na mama, mimi nikapanda basi pamoja na Mwanaesha, maana nilijiapiza safari hii yule karani hatamweka mtu sakafuni mbele yangu. Njia nzima Mwanaesha alikuwa ameushika ufunguo. Tulipopita Miasenyi wauzaji wakaja dirishani na mahindi ya kuchoma, nikamnunulia, akakaa nalo mpaka Mombasa bila kulitia mdomoni.

Tulipelekwa stoo. Lilikuwa pale, la kahawia, leso nyekundu tumboni, fundo juu. Mwanaesha alilia. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akilia tangu nimjue, na mimi nikalia, hata karani akatazama kando. Akapiga magoti, akatia ufunguo. Haukuingia. Akaugeuza. Akapuliza tundu la kufuli, akajaribu tena. Kisha akaacha kujaribu, akabaki ameukamata ule ufunguo na kuitazama leso.

Hapo ndipo mpaka leo nashika kichwa. Watu wazima wawili, mmoja wao mtunza mizigo wa Voi nzima, walifunga masanduku mapacha kwa leso pacha, na hakuna aliyeliona. Walitaka kuyatenga masanduku yao na ya ulimwengu mzima, hawakukumbuka kuyatenga yao kwa yao. Lakini ndivyo ilivyo, ukigawana doti na mtu unafurahia kufanana naye. Kinyozi hajinyoi.

"Hili si langu," Mwanaesha alisema. "Ni la Mwanakombo. Langu walilibeba jamaa zake siku ile."

Karani alikuwa anataka kwenda kula. Akasema sanduku la leso tulilolieleza ndilo hilo, akaleta koleo, akatuambia tuvunje tuhakikishe. Nami nikasema ndiyo, vunja. Nikamwambia Mwanaesha kila hujaji hutosa sanda, hata Mwanakombo bila shaka ametosa yake, tufungue, tukiikuta tuichukue, ya kwako iko kwao, ngoma droo. Mama yako hana muda wa kungoja adabu zako. Alipolifunika kufuli kwa mkono wake nilipandwa na mori, nikamwita mjinga mbele ya makuli na karani na kila aliyekuwa na masikio. Nilimwambia atamzika mama yake kwa kiburi.

Alijitwika sanduku lile kichwani, akatoka. Nikamfuata, na kwenye basi nilikaa kiti cha nyuma yake.

Tuliporudi, Bi Saadiya alikuwa anapumua kwa kujikokota. Mwanaesha akamwinamia akamweleza yote, kwamba sanduku limebadilika, kwamba sanda iko Taveta kwa mwanamke aliyemuuguza. Garimoshi la Taveta halikuwa karibuni. Lakini kesho yake asubuhi Mutiso, Mkamba mwenye lori, alikuwa anakwenda soko la Taveta kuchukua ndizi, na Mutiso nilikuwa nafanya naye biashara, nikajua nikimwomba hatakataa. Mwanaesha alisitasita kumwacha mama yake tena. Kikongwe akafungua jicho.

"Nenda," alisema. "Lakini nawe usichelewe kama ndege."

Nilimfuata ingawa hasira yangu ilikuwa bado imenikaa kooni. Rafiki ni rafiki hata akiwa mjinga. Tulikaa mbele na Mutiso, sanduku mapajani mwa Mwanaesha, vumbi likiingia kila mahali. Tukapita Mwatate, tukapita Bura, na barabara yenyewe ilikuwa ya mashimo matupu. Mbele ya Maktau lori likapunguza mwendo, likasimama. Ndovu walikuwa barabarani.

Hawakuwa wengi, lakini mmoja alikuwa na mtoto, na amesimama katikati kabisa akituelekea, masikio wazi. Mutiso alizima injini. Nikamwambia apige honi. Akaniambia kwa upole kwamba waliopiga honi mbele ya ndovu mwenye mtoto hawapo tena wa kutusimulia. Tukakaa. Jua likapanda, bati la lori likawaka, ndovu akajimwagia vumbi mgongoni, hana haraka. Nilimfikiria kikongwe kule Voi akihesabu pumzi, nikamlaani ndovu, nikamlaani karani, nikamlaani mwuza masanduku wa Jidda. Mwanaesha hakuuliza saa wala hakusema tutachelewa. Vidole vyake tu vilikuwa vikifanya kazi kwenye fundo la leso, akilikaza, akililegeza, akilikaza. Ndovu walipoingia porini Mutiso alingoja tena kidogo, kisha akawasha. Nilikuwa nimelowa jasho mpaka kwenye kitambaa cha kichwa.

Nyumba ya Mwanakombo tulionyeshwa kwa urahisi, na nilijua kabla lori halijasimama. Mikeka ilikuwa imetandikwa nje. Wanaume wenye kofia walikuwa wamekaa, hakuna anayecheka. Mwanaesha alishuka na sanduku kichwani, akatembea kama mtu anayevuka mto.

Aliyetupokea ndani alikuwa binti wa marehemu, Mwanahamisi, macho yamevimba. Alisema mama yake alirudi na homa ya kifua ambayo haikumwachia tena, na juzi walimzika. Kabla ya kukata kauli aliwaambia sanda yake imo sandukuni. Ufunguo ukakataa, wakadhani mama amechanganya funguo kwa homa, wakavunja kufuli kwa nyundo. Wakaikuta sanda palepale juu, inanukia udi. Wakamzika nayo. Alikuwa anatueleza hayo huku amejitanda leso nyekundu yenye korosho nyeusi, ameivuta mpaka kidevuni, akisema hiyo ndiyo kumbukumbu ya mama aliyobaki nayo.

Kisha akaliona sanduku kichwani kwa Mwanaesha, na leso iliyolifunga.

Mimi nilifungua mdomo. Namwambia Mungu ukweli, nilikuwa na maneno tayari, makali, juu ya watu wanaofungua vitu bila kutazama, juu ya mwanamke mmoja anayekufa Voi akingoja nguo yake. Mwanaesha alinikamata kifundo cha mkono, akakibana mpaka nikaumia. Nikatoka nje.

Kwetu Udawida, huko milimani, mtu haingii penye msiba wala kwa mgonjwa na hasira moyoni. Wazee wetu walisema hasira ya moyoni inamdhuru mwenzako hata ukinyamaza. Unachukua maji mdomoni, unayapuliza nje, na unaitamka hasira itoke iende. Tunaita kutasa. Padri hapendi, lakini padri hakuwa Taveta. Nilichukua maji kwenye mtungi kando ya mlango, nikapuliza, nikasema kwa Kidawida hasira yangu juu ya wafiwa hawa itoke, na hasira yangu juu ya Mwanaesha itoke. Ilibidi nirudie, maana ya kwanza haikutosha.

Niliporudi ndani sanduku lilikuwa chini na Mwanahamisi alikuwa amepiga magoti. Alikuwa ameleta ufunguo wa mama yake, na kufuli lilifunguka bila kusumbua. Juu kabisa ilikuwepo bafta nyeupe, imekunjwa, haina udi. Mwanahamisi alilia akisema wamemzika mama yao kwa mali ya watu, sasa wafanye nini, wamfukue? Mwanaesha akamwinua.

"Hamkuiba kitu," alimwambia. "Mama yako alinikeshea nikiwa mgonjwa. Niambie moja tu. Ilimtosha?"

Mwanahamisi akajipangusa. Akasema haikumtosha. Ilipungua miguuni, wakatuma mtu sokoni anunue kipande cha kuongezea. Walishangaa mama anajua urefu wake na amejikatia fupi hivyo.

Kisha akaitoa sanda ya mama yake kwa mikono miwili, akaisogeza. Mwanaesha hakuipokea mara moja. Alimwuliza kama anampa kwa moyo wake mwenyewe, na kama wenziwe wa nyumba ile wameridhia. Mwanahamisi akaita wakubwa wake, wakasema wote ndiyo. Hapo tu ndipo alipoipokea. Nikamtazama, nikakumbuka lile koleo la karani, na nikaona aibu.

Mutiso alipakia ndizi zake upesi kwa ajili yetu. Safari ya kurudi barabara ilikuwa tupu, na kila nilipofumba macho nilimwona Jaffar akitungoja mlangoni na habari mbaya.

Alikuwa mlangoni kweli. Lakini alisema mama bado yupo. Akaiona bafta mikononi mwa dada yake, akashukuru Mungu, kisha akasikia ya Taveta, uso ukambadilika. Akanong'ona kwamba tusimwambie. Nyeupe ni nyeupe. Amebakiwa na pumzi chache, tumwachie azimalize kwa furaha. Safari hii sikumuunga mkono wala sikumpinga. Nilikaa kimya, jambo ambalo si la kawaida yangu.

Mwanaesha aliingia, akakaa kitandani, akaiweka bafta mikononi mwa mama yake. Bi Saadiya akaipapasa, akaileta puani. Mwanaesha hakumngoja aulize.

"Mama, hii si yako. Yako amezikwa nayo Mwanakombo, yule aliyeniuguza. Watoto wake hawakujua. Hii ni yake, wamekupa wewe."

Nilisikia pumzi zile zikienda na kusimama, zikienda na kusimama. Jaffar aligeukia ukuta. Mimi nilifikiri tumemuua.

"Ni mtu wa kimo gani?" Bi Saadiya aliuliza.

"Mrefu, mama. Mrefu sana."

"Ilimtosha?"

Lilikuwa neno dogo tu, ndiyo, nani angemlaumu. Nilimwomba Mungu wangu alitamke.

"Haikumtosha. Ilipungua miguuni. Wakaiongezea."

Kikongwe akatikisa kichwa juu ya mto, taratibu, machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni.

"Masikini," alisema. "Ningalijua, ningaliongeza mkono mmoja."

Hakusema tena la maana baada ya hapo. Aliishika ile bafta ya Mwanakombo kifuani, na kesho yake mchana alifariki, Mwanaesha amemshika mkono.

Wanawake wa Kiislamu walimwosha. Mimi nilikaa uani nikichochea moto wa maji, maana hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Walipomaliza Mwanaesha alitoka, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, akakaa kando yangu kwenye kigoda. Nilitaka kumwomba radhi kwa yale ya Mombasa, maneno yakagoma, kwa hiyo nikauliza neno ambalo lilikuwa karibu.

"Ilimtosha?"

"Ilizidi," alisema. "Ile miguu yake tumeifunika mara mbili."

Kisha akaniomba nimpe maji kidogo yaliyobaki, anawe, kwa sababu stesheni kulikuwa na gunia la mtu ambaye hajaja kulichukua.